Daftari la Muyeye

Mimi ndiye niliyeandika majina.
Walinipa meza ya shule, mguu mmoja mfupi,
nikautilia kifuu cha nazi,
nikafungua daftari la miraba
lile ninalofundishia hesabu kidato cha tatu.
Jumamosi ile vijana mia nne na kumi na wawili
walipanga foleni kutoka golini hadi kwa muuza mihogo,
wengine wametoka Ganda kwa miguu, tangu alfajiri,
viatu wamevitundika shingoni visije vikachakaa.

Msaka vipaji alitoka Nairobi na miwani, na filimbi,
na chupa ya maji ambayo hakumwonjesha mtu.
Kufikia alasiri alikuwa ameita thelathini na wawili.
Thelathini na wawili!
Muyeye nzima ikapiga vigelegele,
mamake Tsofa akaichomoa kalamu sikioni mwangu
akaibusu,
kana kwamba wino wangu ndio uliochagua.

Sasa ni miaka tisa.
Mwalimu wa hesabu akikosa usingizi
hana pa kwenda ila kwenye daftari.
Mstari mwekundu nimeupiga juu ya ishirini
kabla ya mfungo wa kwanza kwisha:
walirudishwa na basi la usiku,
mikoba ile ile, imeongezeka jezi ya mazoezi tu.
Nzai yuko Gongoni, anakokota chumvi.
Shee Famau ana tuktuk,
nyuma ameipaka kumi na nne, namba aliyoahidiwa,
na ukimwuliza ni ya nini, husema:
ya simu, rangi iliniishia.
Kenga sijui. Simu yake hupokewa na mwanamke
asiyemjua Kenga.

Wakabaki kumi na wawili. Watano wakatia saini
timu za madaraja ya chini,
mshahara ni nauli na ugali, na nauli huchelewa.
Na Ligi Kuu?
Ligi Kuu alifika mmoja.
Si Tsofa, aliyekuwa akipiga mpira ukasahau kushuka.
Ni Mwaringa Dzombo, ambaye kando ya jina lake
mkono wangu huu uliandika: mzito.
Aliingia kwa kuwa mwenzake alipasukiwa kiatu.
Dakika kumi na moja.
Tulisikiliza redioni, buchari kwa Bwanaadi,
kisu kikasimama ndani ya nyama.
Mtangazaji alilitaja jina lake mara mbili,
mara ya pili akalikosea.

Moja juu ya thelathini na mbili.
Moja juu ya mia nne na kumi na mbili,
ukianzia kwenye foleni.
Niliiandika ubaoni, darasa likanakili,
ndipo Riziki, wa dawati la nyuma, akauliza:
Mwalimu, na yule mmoja,
asubuhi ile alikuwa anajua?
Nikamwambia fungua ukurasa wa themanini.

Mamake Tsofa huuza mbaazi njia ya shule.
Hunijazia bakuli, hataki pesa, kisha hunong'ona:
lile daftari, mwanangu bado yumo?
Yumo, namwambia. Ukurasa wa kwanza, mstari wa sita.
Hesabu yangu haikufundishwa kujibu zaidi ya hapo.

Leo meza imerudi uwanjani, na kifuu chake.
Msaka vipaji mwingine, filimbi nyingine.
Foleni imempita muuza mihogo, imekata kona ya msikiti,
na ndani yake, wa tisini na kitu,
ni Yeri, mwanangu mwenyewe,
aliyeikokotoa ile sehemu mezani kwetu, kwa koroboi,
akapata jibu sahihi hadi desimali ya nne,
akafunga kitabu, akaenda kushona viatu.

Anafika. Viatu shingoni.
Siwezi kujifanya simjui, wala kujifanya namjua.
Jina?
Analitaja kwa sauti, polepole, herufi baada ya herufi,
kana kwamba kuna mtu redioni
anayeweza kulikosea.